Buti Lililokwama

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi wa kunyoosha bodi za magari, na hadi leo akiyasimulia husonya kwanza.

Shemeji yake alinunua gari la miaka ya hamsini, la rangi ya krimu, zuri mpaka wapita njia wanasimama: bampa zinazong'aa kama kioo, nyuma limeinuka mapezi kama papa. Ila buti lilikuwa limekwama, ufunguo haupo, na mwenyewe, alipolileta gereji, alikataza kulivunja. Halafu kutwa simu: “Shemeji, harusi imefika, gari vipi?”

Mchana mmoja umeme ukakatika, gereji ikawa giza. Fundi akaamua kufanya kazi kwa masikio. Mafundi wa bodi hugonga bati kwa vifundo vya vidole. Likitoa sauti nzito, chini ya rangi kuna kiraka.

Akagonga mfuniko wa buti. Ko, ko.

Ndani kukajibu: ko, ko.

“Shemeji, leo sina hamu ya utani!” Akachungulia uvunguni. Hakuna mtu. Akagonga tena kwa hasira. Kukajibu kwa hasira vilevile.

“Liwalo na liwe!” Akachukua mtaimbo, akalivunja buti, akawasha tochi ya simu. Lilikuwa tupu, sakafu nzima imetandwa na vumbi lisilo na alama yoyote.

Akamulika mfuniko kwa ndani. Ulikuwa umeliwa na kutu kote, isipokuwa pale alipokuwa akigonga. Hapo bati liling'aa, limelika kwa kugongwa miaka na miaka, vishimo vinne vimepangana kama vifundo vya vidole.