Nani Anapokea Simu Zetu?

Kahawa ya moto ilinipiga kifuani, palepale kantini, mbele ya watu wote!

"Mnafiki mkubwa wewe, Dorsaf!" Hayet alikuwa amesimama mbele yangu, kikombe kitupu mkononi. "Dada yangu kafukuzwa kazi kwa sababu yako!"

Jamani... sikuwa nimefanya lolote!

Ngoja niwaeleze. Nilikuwa fundi wa simu za mtandao kwenye kampuni moja ya mafuta ya zeituni, hapa Sfax, Tunisia. Mimi ndiye niliyekuwa nauambia mtambo: mtu akibonyeza tisa, mpe laini ya nje, akipiga ng'ambo, mkatalie. Kanuni za kupiga simu, basi.

Sasa kule kwenye chumba cha kujazia chupa, bosi wetu Si Mongi (“Si” kwetu ni kama “Bwana”) aliutia kufuli mlango wa dharura, eti wanawake wanaiba mafuta. Siku moja mashine ikatoa moshi. Nusura watu wafie mle ndani!

Wafanyakazi wa kule simu zao za mkononi wanaziacha getini. Kwa hiyo Latifa, dada yake Hayet, akatumia simu ya kantini kupiga ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi. Akapokewa vizuri sana, akaombwa jina...

Kesho yake akafukuzwa.

Akafuata mwingine. Na mwingine.

"Nani anaweza kusikiliza simu zetu kama si wewe?" Hayet akafoka.

Hata mimi ningejishuku.

Nikatoka nje, nikampigia mchumba wangu, Fakhri, nikilia.

"Achana nao, mpenzi," akasema. "Wewe waza harusi."

Lakini roho haikutulia. Nikamshuku Si Mongi. Nikamshuku katibu wake. Mpaka mlinzi wa getini nikamshuku! Nikafungua kompyuta, nikazipitia zile kanuni moja moja...

Nikaiona!

Mtu yeyote akipiga namba ya ukaguzi wa kazi, simu isitoke nje. Ipelekwe namba ya ndani 47.

Ofisini kwetu hakuna meza yenye simu 47. Ila simu ya mtandao haina kwao. Unaichomeka hata nyumbani kwa mtu, ilimradi kuna intaneti.

Kilichonimaliza ni jina la aliyeiweka hiyo kanuni.

Langu!

Wallahi sikuiandika mimi!

Ningeifuta kimyakimya, ushahidi ungepotea na mimi ningebaki msaliti. Nikaipiga picha, nikarudi kantini na blauzi yangu ya madoa.

"Hayet, njoo. Njooni wote."

"Unataka utuchome tena kwa bosi?"

"Sikilizeni tu."

Nikaiweka simu ya kantini kwenye spika. Nikapiga ile namba ya serikali. Ikaita...

"Ukaguzi wa kazi, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

Sauti nzito, ya upole.

"Ndiye huyohuyo!" mmoja aliyewahi kupiga bila kutaja jina akanong'ona nyuma yangu.

Kantini nzima, mimi peke yangu ndiye niliyejua ile sauti ni ya nani. Ningeweza kukata. Nani angejua?

"Fakhri?"

Nikaisogelea spika.

"Fakhri, ni mimi."

"Dorsaf..." akashusha sauti. "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu," nikadanganya.

"Usikasirike, mpenzi. Si Mongi aliniomba, baada ya ile siku uliyotukutanisha. Nikatumia kompyuta yako, na lile neno la siri ulilowahi kunipa, ulipokuwa jikoni. Kazi yenyewe ndogo tu, kupokea simu na kumpelekea majina... Unadhani ukumbi wa harusi nimeulipia na nini?"

Hayet akaziba mdomo kwa mkono.

Nikakata. Nikaenda kuifuta ile kanuni, nikarudi, nikapiga tena.

"Subiri kwenye laini!" mama mmoja akajibu kwa ukali. Kisha ukaanza muziki. Muziki mreeefu...

"Haya sasa!" Hayet akasema huku machozi yakimtoka. "Hii ndiyo serikali yenyewe!"

Tukacheka, tukalia, tukasubiri.

Wakaguzi walikuja. Kufuli likakatwa, Latifa na wenzake wakarudishwa kazini. Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa na Si Mongi kabla hawajafika. Pete nilimkabidhi mama yake Fakhri mlangoni kwake. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia amuulize mwanawe.

Hayet alininunulia blauzi mpya, na siku hizi ananiita dada. Lakini wapo kantini ile ambao mpaka leo wanaamini nilijua kila kitu. Siwalaumu. Kanuni ilikuwa na jina langu.

Mimi nilimshuku kila mtu kazini, nikamwacha aliyekuwa anakaa sebuleni kwangu.

Neno lako la siri ni jina lako, jamani. Usimwachie mtu... hata aliyekuvisha pete!