Tandala wa Midrand

Saa moja na nusu asubuhi, kama kila siku, Masika aliinjika sufuria ya chai kwenye jiko la umeme, akafagia vumbi la chuma chini ya kerezo, mashine ya kuchongea mitutu, akapandisha shata, mlango wa bati wa karakana, hadi nusu. Maziwa yalikuwa yanaanza kupanda.

Simu ikalia.

"Shangazi, harusi si Ijumaa tena," ilisema sauti ya mwanamume. "Ni leo. Saa nne."

Masika akazima jiko.

Hakuna aliyekuwa anaoa. Sauti ile ilikuwa ya Nassir, mkuu wake katika Kitengo, kikosi kidogo cha siri kilichofuatilia dhahabu ya magendo kutoka Kongo. Harusi ilikuwa ushahidi wa Victorine, karani aliyeyaona masanduku, akawaona walioyapokea, na akakubali kusema. Wiki sita walikuwa wamemficha katika chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle. Kila Jumapili Masika alikwenda kumsuka nywele. Leo saa nne Victorine angeshuka kwenye gari mbele ya jengo la ofisi, Midrand.

Na mtu aliyekodiwa kumuua alikuwa njiani kuja kuchukua bunduki yake.

"Bwana harusi anajua?" aliuliza Masika.

"Alijua kabla yetu. Sikiliza. Bunduki ina leseni, mtutu una kibali. Tukimkamata hivi hivi, jioni atakuwa nyumbani anakula kuku. Nataka maneno yake mwenyewe. Tukimkosa leo, Victorine atajificha maisha yake yote."

"Sharp."

Alijibandika sikioni kipokezi kidogo kama punje ya maharage. Kinasa sauti, kilichomrushia Nassir kila neno, kilikuwa ndani ya penseli. Glock 19 ilikuwa chini ya aproni.

Mwaniki, mwenye karakana, alikuwa tayari mezani. Mkenya huyo alikuwa ametengeneza bunduki hapa mtaa wa Doornfontein kwa miaka ishirini. Alijua Masika ni nani, na hakupenda kuulizwa anajua nini.

"Anakuja leo," Masika alimwambia.

"Basi chai itapoa," alisema Mwaniki.

Mercedes nyeusi ikasimama nje, nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Gaston.

Bwana harusi mwenyewe. Alijiita Kanali. Hakuna jeshi lililowahi kumvalisha hata kofia. Alivaa suti ya rangi ya divai, viatu vya ngozi ya mamba, na manukato yaliyotangulia kuingia. Mwezi uliopita, Durban, alimpiga mtu risasi tatu akamkosa zote. Aliua friji la aiskrimu.

Alilaumu mtutu.

Ndiyo maana Marlin yake ilikuwa hapa, bunduki fupi ya kuwindia, ya kukokiwa kwa wenzo ulio chini ya mkono, inayoingia vizuri kwenye begi la gofu. Kwa siku tatu Mwaniki aliufungua mtutu wa zamani, uliokwisha kulika ndani, akafunga mpya. Aliupima na kuupima tena mpaka alama ya mtutu ikakutana sawasawa na alama ya mwili. Alizipiga tupa pete zinazoshika bomba la risasi chini yake, zisiubane mtutu ukipata moto.

Kazi safi, kwa mtu mchafu.

"Papa fundi! Chuma yangu iko tayari?"

"Bado kitu kimoja," alisema Mwaniki bila kuinua macho. "Mtutu mpya, nundu mpya ya kulengea. Siifungi mpaka nijue mnyama na umbali. Ndiyo desturi ya meza hii."

"Funga tu."

"Ukikosa, utasema ni mtutu tena."

Friji la aiskrimu lilipita usoni mwa Gaston. Akakaza taya.

"Tandala," alisema.

"Umbali?"

"Mita sitini."

"Uwanda?"

"Hapana. Juu kwenda chini."

"Mlimani?"

"Ghorofa ya tatu."

Mwaniki aliandika polepole. Masika alisogea na penseli yake.

"Huyo tandala atakuwa amesimama, Kanali?"

"Atakuwa anashuka."

"Anashuka nini?"

"Gari."

"Mlango wa mbele au wa nyuma?"

"Wa nyuma, kushoto." Gaston alitazama saa yake, Rolex iliyokuwa mbele dakika kumi. Hakuona hatari yoyote. Kwake watu hawa walikuwa vifaa vya mezani tu, kama vaisi na nyundo, na nani anaiogopa nyundo?

"Kwetu Butembo sijaona tandala wa hivyo," alisema Masika. "Na nauli analipa?"

Gaston akacheka. "Weye mwanamke, unajua kuongea! Fagia, mama. Fagia."

Sikioni, Nassir alinong'ona: "Haitoshi. Wakili wake atasema ni mzaha. Nataka jina."

Mwaniki alifunga nundu, akaigonga mara mbili kwa nyundo ya shaba, akasukuma bunduki mbele. Gaston akatoa risasi mfukoni.

"Humu hatujazi risasi," alisema Mwaniki.

"Nani amekuuliza, papa?"

Akazisukuma ubavuni mwa bunduki, moja baada ya nyingine. Sita. Zilikuwa ndefu, ncha zimechongoka kama sindano.

Masika alimtazama Mwaniki. Mwaniki alimtazama Masika.

"Nani alikuuzia hizo?" aliuliza fundi kwa upole.

"Zenye ncha zinaenda sawa zaidi. Hata mtoto anajua."

Masika akavua aproni. Akaikunja, akaiweka mezani. Glock ikaonekana kiunoni, na beji kando yake.

"Gari halitafika Midrand, Kanali. Limegeuka."

Gaston alielewa nusu, na nusu ilitosha. Wenzo ukashuka, ukapanda. Mdomo wa mtutu mpya ukamwangalia Masika kifuani.

Masika hakugusa Glock.

"Piga," alisema.

Kidole kikagusa kifyatulio.

"Piga basi. Lakini kwanza nikuambie unachoshika. Katika bunduki hii risasi hulala kwenye bomba kwa foleni. Ncha ya iliyo nyuma inagusa kitako cha iliyo mbele. Pale penye fataki. Ndiyo maana wawindaji hununua zenye pua bapa. Wote. Hata mtoto anajua."

"Muongo."

"Ukifyatua moja, mshtuko unazisukuma zile tano, ncha zinagonga fataki, zote zinalipuka. Bomba liko chini ya mkono wako wa kushoto."

Gaston aliutazama mkono wake wa kushoto. Kisha akamtazama Mwaniki, kama mtu anayetafuta daktari mwingine.

Mwaniki akainua mkono wake. Ulikuwa na vidole vitatu.

Vile viwili vilikwenda na kerezo, miaka kumi na miwili iliyopita. Hakuona haja ya kueleza.

Manukato ya Gaston yakaanza kunuka jasho.

"Naiweka chini," alisema.

"Weka," alisema Masika. "Meza ni ya chuma. Usiigonge."

Hakuiweka. Alisimama katikati ya karakana, ameikumbatia bunduki kama mtoto mchanga aliyelala baada ya kulia usiku kucha. Huyu ndiye waliyemwogopa wiki sita. Huyu ndiye aliyemnyima Victorine dirisha na jua.

"Toa," alinong'ona. "Papa fundi, zitoe!"

"Mimi hutoa risasi za wawindaji," alisema Mwaniki. "Ulikuwa unawinda nini?"

"Tandala."

"Eish," alisema Masika. Akaiacha penseli mezani, akachukua koti kwenye msumari.

"Unaenda wapi?"

"Kunywa chai. Humu imepoa."

Akapita chini ya shata. Mtaani watu wanne wa Kitengo walikuwa wamejibana ukutani, silaha mkononi. Aliwaonyesha kiganja: bado. Akavaa koti mkono mmoja, kisha wa pili, akaanza kutembea kuelekea kwenye robot, taa za njia panda, bila haraka, kama mtu aliyemaliza zamu.

Nyuma yake sauti ikapasuka, nyembamba, haina cheo.

"Mama! Usiniache! Si tandala, si tandala! Ni Victorine! Nilikuwa naenda kumuua Victorine!"