Samli ya Mwajabu Ilikokuwa Ikienda

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, Mwajabu na mumewe Zaidi walihama Kondoa wakahamia huko. Walifungua duka la samli karibu na stesheni. Zaidi alikwenda Haneti kununua samli kwa wafugaji. Mwajabu alipika, alilea watoto, na alitupia duka jicho. Kazi ya duka ilikuwa ya Hassani, mdogo wake Mwajabu. Yeye alipokea mitungi, yeye alipima, yeye aliuza, na yeye alishika pesa. Mgogo mmoja, jina lake Matonya, alibeba mizigo na kulinda mlango.

Wateja walikuwa wengi. Hata hivyo, kila Zaidi alipotaka kununua mzigo mpya, pesa hazikutosha.

"Samli inakwenda wapi?" aliuliza.

"Muulize Matonya," Hassani alisema. "Yeye ndiye anayebaki na mitungi."

Zaidi alikasirika. Alitaka kumpeleka Matonya bomani kwa Wajerumani, na huko mtu alichapwa viboko kabla ya kusikilizwa vizuri.

Matonya hakupandisha sauti. "Bwana Zaidi, kwetu tuna ng'ombe. Mama yangu anatengeneza samli safi kuliko hii. Niibe hii yenye mchanga, ya nini?"

Mwajabu alificha kicheko kwa upande wa kanga. Kisha akamwita jirani yao Silvano, msimamizi wa ghala la mizigo la reli.

"Nani amemwona Matonya akiiba?" Silvano aliuliza.

"Hakuna," Zaidi alijibu.

"Basi msimguse. Mkimwonea, mwizi halisi ataendelea kuiba huku akiwacheka. Ifuateni mali kwanza, ndipo mtamfikia mtu."

"Tutaifuataje?" aliuliza Mwajabu.

"Kabla mitungi haijaingia dukani, pima samli yote wewe mwenyewe. Baada ya siku chache pima iliyobaki. Iliyopungua ndiyo iliyouzwa, na pesa zake lazima ziwepo. Ghalani kwetu anayepokea mzigo siye anayeutoa. Hapa mmempa mtu mmoja kila kitu. Hata mwema anaweza kushawishika."

Wakafanya hivyo. Mwajabu alipima mzigo mpya uani kwake. Zaidi akamchukua Matonya, wakaenda pamoja Haneti. Waliporudi, Mwajabu alipima samli iliyobaki. Nyingi ilikuwa imetoka, lakini pesa zilikuwa za nusu tu. Na siku zote hizo Matonya hakuwepo mjini.

Mwajabu alikosa hamu ya kula. Hassani alikuwa amebebwa mgongoni mwake alipokuwa mtoto. Zaidi alitaka kwenda kumfokea mbele ya wateja, Silvano akamzuia.

"Mwiteni ndani. Mwonyesheni mlichopima. Mpeni nafasi ya kujieleza."

Hassani aliitwa, akaonyeshwa vipimo, akakiri.

"Dada, nilikuwa nampelekea mpishi wa kambi ya reli samli kwa mlango wa nyuma, na pesa zake naziweka. Nataka kuoa. Niliona haya kumwomba shemeji mahari."

"Ukaona afadhali Matonya achapwe?" Mwajabu aliuliza.

Hassani alilia. Siku hiyo hiyo alimwomba Matonya radhi mbele ya wote.

"Nimekusamehe," Matonya alisema. "Lakini mitungi leo utabeba wewe." Watu wakacheka, hata Zaidi.

Walikubaliana, Silvano akiwa shahidi, kwamba Hassani atalipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Kazi nazo ziligawanywa. Matonya alipokea na kupima mzigo. Hassani aliuza. Mwajabu alishika pesa, na kila Ijumaa walipima pamoja samli iliyobaki. Sasa pesa za mzigo mpya hazikupungua. Zaidi aliongeza asali dukani.

Hassani alipomaliza deni, Zaidi mwenyewe alimsaidia mahari. Baada ya harusi Hassani alirudi kazini. Mwajabu alimwambia, "Ijumaa hii pumzika, bwana harusi. Hatupimi."

"Tupime, dada," Hassani alisema, akishusha mtungi wa kwanza. "Nikipimiwa ndipo nalala vizuri."