Mwangwi wa Tangi Lao

Aliyenisimulia haya ni Selotia, jirani yangu hapa kisiwani Funafuti. Mumewe, Vaelei, ni baharia, na meli yake ilikuwa haijasikika kwa siku kumi na moja. Jumamosi mchana ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Mke wangu, nipo salama. Nipo chumbani kwangu melini."

Selotia alilia kwa furaha, akamkimbilia shemeji yake Penitala, ambaye husugua matangi ya maji ya mvua wakati wa kiangazi. Akamwekea ujumbe ausikilize.

"Shemeji, kaka anakudanganya!" Penitala akacheka. "Chumba gani cha meli kina mwangwi hivyo? Huyo yumo ndani ya tangi!"

Akausikiliza tena, kicheko kikamkauka. "Ni tangi lenu. Mwangwi wake hurudi mara mbili, na wa pili una mkwaruzo. Nimeimba humo nikisugua miaka sita."

Wakafunua mfuniko. Maji yalikuwa yamejaa karibu mpaka juu, meusi, na hamkuwa na mtu.

"Hebu uweke ujumbe tena," Penitala akasema. Safari hii mwangwi ulikuwa mfupi zaidi.

"Tangi likizidi kujaa, mwangwi hufupika," alisema polepole. "Anapanda na maji." Hakutania tena.

Kesho yake asubuhi Selotia aliniletea simu nisikilize. Maneno yalikuwa yale yale, lakini mwangwi haukuwapo kabisa. Sauti ilikuwa karibu mno, kama ya mtu aliyeegemeza mdomo kwenye mfuniko.

Nilimrudishia simu. Nikambeba mwanangu na ndoo, nikalipita tangi lao tulilozoea kutekea maji, nikaenda kuchota maji kanisani.