Mkono Uliokwenda Kushoto

Maiti ya Ma Sang-cheol ilikuwa bado imelala kando ya roboti ya kuchomelea mabomba, kofia ngumu kichwani, wakati Inspekta Seol In-beom alipoinama na kuanza kuchunguza kitu kingine kabisa: vumbi.

"Afande, marehemu yuko huku," alisema Koplo Bong.

"Nimemwona, maskini. Njoo uone hili."

Ndivyo alivyo Seol. Hapa Changwon, Korea Kusini, tunamjua. Ukimkaribisha chai atakigeuza kikombe kwanza aone kimetengenezwa wapi. Wakubwa wake wanamwona msumbufu. Mimi nasema heri msumbufu huyo kuliko wale wanaofunga jalada kabla hawajasoma jina la marehemu.

Kwenye kisanduku cha kuendeshea mkono wa roboti palikuwa na vitufe viwili, cha kuzungusha kulia na cha kuzungusha kushoto. Cha kulia kiling'aa kwa kuguswaguswa. Cha kushoto kilifunikwa na vumbi la chuma, bila hata alama moja ya kidole.

"Mkono ulimpiga akiwa upande gani?"

"Kushoto, Afande. Uliacha bomba ukaruka ukamfuata alikosimama. Mwendeshaji yuko mahabusu tayari."

"Bila kugusa kitufe cha kushoto? Loo! Hiyo ni kali."

Mwendeshaji aliitwa Pyo Mal-sun, mama wa makamo mwenye mikono mipana. Aliletwa chumba cha mahojiano.

"Mama, ulibonyeza kipi?"

"Cha kulia."

"Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika." Alijifuta macho kwa mkono wa sare. "Lakini mkono umekwenda kushoto, na mashine haikosei. Basi nimekosea mimi. Niandikieni hivyo nitie sahihi, yaishe."

"Mbona una haraka ya kufungwa?"

"Nimekula na Sang-cheol kila mchana wa maisha yangu pale kiwandani. Wali wake, kabichi yangu ya kimchi. Keshokutwa alfajiri jeneza linatoka, na mkewe ametuma ujumbe nisikanyage msibani. Nitaendaje kuinamia picha ya mtu niliyemuua?"

Koplo Bong alisukuma kalamu mezani. Seol akaichukua akaitia mfukoni.

"Hebu niambie jambo moja, mama. Kwa nini kitufe cha kushoto kina vumbi?"

Mama Pyo alishangaa. "Hatukitumii. Mabomba ni ya duara. Mkono unalizunguka bomba kwa kulia tu, tena na tena."

"Na mashine inajuaje imefika wapi?"

"Inajumlisha pembe. Mzunguko juu ya mzunguko. Jumamosi tunazima umeme, inaanza tena sifuri."

"Jumamosi iliyopita mlizima?"

"Hatujazima tangu oda kubwa ije. Bosi alisema tutazima tukiimaliza, kabla ya sikukuu ya Chuseok."

Macho yalimtoka Seol kama mtoto aliyeonyeshwa mazingaombwe. "Kwa hiyo pembe imekuwa ikikua na kukua," alisema. "Sasa hesabu za pembe hiyo anazipiga nani?"

Zilikuwa zinapigwa na maktaba ya hesabu kutoka kampuni ndogo ya Daejeon. Si maktaba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa vijiprogramu ambavyo programu nyingine huviazima kila zinapohitaji kipeo, logi au sini, ile hesabu ya pembe iliyotutoa jasho sekondari.

Kesho yake asubuhi Seol na Bong walikuwa Daejeon. Aliyewapokea ni Eun Da-hye, binti mpimaji, mdogo kuliko wote ofisini.

"Kazi yako hasa ni nini?" Seol aliuliza.

"Kupima makosa, Afande. Kompyuta ina nafasi ya tarakimu chache tu, zinazobaki inazikata. Kwa hiyo karibu kila jibu lina kosa dogo mwishoni kabisa. Nachukua jibu la maktaba yetu, nalilinganisha na jibu lililopigwa polepole kwa tarakimu nyingi mno. Tofauti ndiyo kosa."

"Ina maana hakuna sini isiyokosea?"

"Hakuna. Ile nzuri hukosea kidogo sana, haifiki hata moja kwenye tarakimu ya mwisho."

"Mama yangu! Na mimi nilichapwa shuleni kwa makosa makubwa zaidi." Seol alivuta kiti. "Na pembe kubwa kubwa, nazo unazipima?"

"Hizo alizipima Bosi Tak mwenyewe. Sini hii mpya aliiandika yeye."

"Hukuziangalia?"

Da-hye alicheka kwa aibu. "Afande, mimi ndiye mdogo hapa. Mdogo hakagui kazi ya mkubwa. Ningeanzia wapi?"

"Anzia hapa. Nifungulie."

Matokeo yalitokea kwenye skrini, yote kijani. Kwa pembe ndogo, makosa yalikuwa nukta tatu, nukta tano, nukta nne. Kwa pembe kubwa yalikuwa sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini.

"Hizi za bosi ni safi kuliko zako," Bong alimtania.

Da-hye hakucheka. Alishuka mpaka mwisho wa skrini, akapanda tena.

"Haiwezekani," alisema.

"Kwa nini?"

"Jibu la polepole lina tarakimu nyingi kuliko letu. Haliwezi kulingana na letu kila mara mpaka mwisho. Labda..."

"Sema tu, binti."

"Labda jibu letu halikulinganishwa na la polepole. Limelinganishwa na lenyewe."

"Yaani mwanafunzi amesahihisha mtihani kwa majibu yake mwenyewe."

"Ndiyo, Afande." Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Basi pima upya. Tumia pembe ambayo roboti ya Changwon ilikuwa imefikia."

Mashine ilipokuwa ikisaga hesabu za polepole, Bong alilalamika njaa, na hakuna aliyemsikiliza. Kisha skrini ikawa nyekundu. Da-hye aliweka mkono mdomoni.

"Sini haivuki moja, ufanye ufanyavyo. Maktaba yetu imetoa tatu na ushee. Mkono uliambiwa ufike mahali ambapo bomba halipo."

Tak Gyeong-ho aliingia chumba cha mikutano akiwa amenyooka, nywele za mvi zimechanwa vizuri.

"Ulibadilisha majibu ya kulinganishia?" Seol aliuliza.

"Ni utaratibu wa kawaida. Jaribio likichakaa tunalihuisha."

"Ulilihuisha kwa majibu ya nani?"

Tak alilainisha nywele zake.

"Ya nani, Bwana Tak?"

"Yangu."

"Kosa uliliona?"

"Niliona." Mabega yalimshuka. "Ilikuwa saa ya mlo wa kampuni, watu wameshakaa. Mchana wake nilikuwa nimemwambia mkurugenzi, mbele ya vijana niliowafundisha, kwamba sini yangu ina kasi kuliko zote na haina doa. Ningetoka na skrini nyekundu? Nikajiambia, nani atafikisha pembe huko? Viwanda vyote vinazima umeme mwisho wa wiki. Nitairekebisha baada ya Chuseok."

"Kifo ulikisikia lini?"

"Siku ileile, redioni. Waliposema roboti ya mabomba, nikajua."

"Ukanyamaza." Seol hakupaza sauti, lakini Bong aliyemzoea alisogea nyuma. "Mama wa watu yuko ndani anaomba kalamu akiri kuua rafiki yake, na wewe unajua, na umenyamaza!"

"Niliona aibu, Afande."

"Aibu kwa nani?"

Tak alitazama mlangoni. Da-hye alikuwa amesimama pale na karatasi zake.

"Kwake. Sikutaka anione nimekosea."

Binti alikuwa akilia. "Bosi," alisema, "si ndiyo kazi uliyoniajiria?"

Tak alifunika uso kwa viganja. Baadaye alitia sahihi maelezo yake, na Bong akamsomea makosa: kughushi matokeo ya jaribio na kusababisha kifo kwa uzembe.

Jioni hiyo mahabusu ilifunguliwa. Mama Pyo aligoma kutoka mpaka ajibiwe.

"Kwa hiyo nilibonyeza cha kulia?"

"Ulibonyeza cha kulia, mama."

"Una hakika, Afande?"

"Nimepima."

Seol alimpeleka mwenyewe kwenye ukumbi wa misiba wa hospitali. Alimweleza mjane kila kitu kwa maneno mepesi, taratibu, huku Mama Pyo akingoja nje pamoja na viatu vya waombolezaji. Kisha mjane akatoka. Alimshika mkono akamwingiza hadi mbele ya picha ya marehemu, na Mama Pyo akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, mara mbili, na mara ya pili ikabidi ainuliwe.

Mjane alimketisha, akamletea mwenyewe bakuli la supu nyekundu ya nyama na wali.

"Kula, dada," alimwambia. "Alikuwa akija nyumbani ananiambia kimchi yangu haifiki yako."