Darasa la Nane

Shule ile ya Izimbya ilikuwa na madarasa saba, na hilo alilijua kila mtu isipokuwa kompyuta ya Mwalimu Hafidha.

Alikuwa ametoka mafunzoni Bukoba mjini, kichwa kimemvimba kidogo kwa ujuzi mpya, akaandika programu yake ya kwanza, ya kujumlisha vikombe vya uji. Jumla inaanza na sifuri. Mzunguko unauliza idadi ya darasa moja baada ya jingine, na kila jibu linaongezwa kwenye jumla. Jumatatu ikauliza la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kisha ikauliza: Darasa la nane?

Kosa alilijua. Mwisho wa mzunguko ulitakiwa kuwa saba, naye aliandika nane. Lakini kengele ilishalia, na Hafidha ni mtu wa utani hata akiwa peke yake. Akaandika 1. Jumla: 269. Akampa namba hiyo Benigna, mpishi.

Siku tatu mfululizo alirudia utani huo, na kikombe kimoja kikakosa mwenyewe. Benigna alikiweka kwenye ngazi ya stoo ya zamani, mwisho wa jengo, na kila alipokirudia alikikuta kikavu.

"Waitu, Mwalimu wetu," alinong'ona Alhamisi, "paka halambi namna hii. Na humo ndani kuna mtu anaburuta dawati."

"Stoo ina kufuli tangu mwaka juzi, Benigna."

"Ndiyo maana nakwambia wewe tu."

Hafidha alicheka, ila alirudi kwenye kompyuta upesi. Darasa la nne waliandikwa 37. Jana walikuwa 38. Ilipofika la nane hakugusa kitu, na 2 ikajiandika yenyewe. Jumla ile ile, 269. Na darasa la nne ndilo alilosoma Shamsa, bintiye wa pekee.

Alikimbia, kompyuta kwapani. Dawati la Shamsa lilikuwa tupu.

"Ameitwa na mwalimu wa kule mwisho," watoto walimwambia.

Kufuli la stoo lilikuwa palepale na kutu yake. Ndani, Shamsa alikuwa akihesabu: moja, mbili, moja, mbili. Benigna akaleta shoka la kuni, na kwa pigo la tatu mlango ukaachia. Mtoto alikaa kwenye dawati la vumbi, akitazama ukuta.

"Mama, hajaniruhusu kutoka," alisema bila kugeuka.

Nje jua la saa nne liliwaka juu ya migomba, lakini humo ndani baridi iliwapanda kutoka miguuni, na harufu ya buni iliyoungua ikawakaba koo, na dawati moja lisilo na mtu likaanza kujiburuta pole pole kuwajia, likasimama, likajiburuta tena, mpaka pumzi ikamgusa Hafidha sikioni na sauti ikasema, "Ulinihesabu mwenyewe. Ukanilisha. Sasa darasa langu lijae."

"Hilo ni jini," Benigna alinong'ona. "Twende Kemondo tukamlete shehe."

"Mpaka shehe afike, mtoto sina. Nimemkaribisha mwenyewe, nitamtoa mwenyewe."

Hasira yake iliizidi hofu. Akafungua kompyuta. Darasa la nane, akaandika 0, ikageuka 2. Akaandika tena, 2. Ndipo akaelewa. Maadamu mzunguko unafika nane, yule ana chumba.

"Hapo usiguse," sauti ilisema, na sasa ilikuwa inabembeleza.

"Nimefundisha wakaidi miaka kumi na mmoja," Hafidha alijibu. "Wewe hujaandikishwa shule hii."

Akafuta nane, akaweka saba, akaanza upya, akihesabu kwa sauti. Darasa la nne: 38. Baada ya la saba programu ikasimama. Jumla: 268.

Shamsa alipiga chafya, akauliza kwa nini mama analia.

Tangu hapo, kila asubuhi darasa la saba likishaandikwa, hodi hupigwa kwenye mlango wa stoo, upande wa ndani. Benigna hapimi uji wa ziada hata tone. Na Hafidha, aliyelelewa kuitikia hodi ya yeyote, hunywa chai yake mpaka mwisho bila kusema karibu.