Mtambo wa Akiba Wapata Bomba Lake

Asubuhi za Juni, Thoa huanza kazi kabla jua halijapasha vioo. Huingia kwenye nyumba ya vioo, hugusa majani ya matango machanga, kisha husikiliza hita za gesi. Zikinguruma vizuri, naye hutulia. Hapa Virginia, kaskazini mwa Adelaide, Australia, baridi ya siku moja huweza kuua kazi ya msimu mzima.

Mumewe, Khoan, ni mwenyekiti wa chama cha wakulima. Mwaka ule chama kilinunua mtambo wa umeme unaotumia gesi. Ni mtambo wa akiba. Hukaa kimya siku nyingi, na huwashwa haraka umeme wa gridi unapopungua. Ulikuwa umeshasimikwa nyuma ya chumba cha baridi cha kuhifadhia mazao. Ilibaki kuuletea gesi tu.

"Bomba si hili hapa?" Khoan alisema wakila supu ya tambi. "Linapita kwenye hita zetu. Tunachomeka, kazi imekwisha."

"Wewe kila kitu kuchomeka tu! Gesi itatutosha?"

"Mama Vinh," Khoan alimjibu mkewe, "mtambo utawaka saa chache kwa mwaka. Hita zako zinakula zaidi."

"Na hita zikizimika? Matango yangu nitayafunika kwa shuka?"

"Nimewaahidi wenzangu utawaka mwezi huu. Nikirudi nyuma, watanicheka mpaka kanisani."

Mchana huo alikuja Glenys, mhandisi wa kampuni ya mabomba ya gesi. Khoan alimwambia kiasi cha gesi ambacho mtambo ungetumia kwa mwaka.

"Kwa mwaka nimeelewa, Khoan. Kwa saa je?"

"Kwani kuna tofauti? Maji ya kisima tunapimiwa kwa mwaka. Nikitaka nayamaliza kwa wiki moja, na hakuna anayeniuliza."

Glenys alicheka. "Wakulima wa hapa wote hunijibu hivyo! Mmezoea kibali cha maji. Bomba la gesi halijui mwaka. Linajua saa hii tu. Haya, mtambo utawaka lini?"

"Umeme ukipungua. Jioni za baridi, upepo ukitulia."

"Na hita huwaka kwa nguvu lini?"

Khoan alimgeukia mkewe. Thoa ndiye aliyejibu: "Jioni hizo hizo."

Glenys alifunga kipimo cha presha kwenye bomba. Jua lilipotua, aliomba hita zote ziwashwe. Mshale ulishuka, ukashuka tena, ukasimama juu kidogo ya alama nyekundu.

"Na mtambo bado haujawaka," alisema. "Ukiwaka ghafla, utavuta gesi nyingi kuliko hita zote hizi. Presha itaanguka. Hita zitazimika, zenu na za majirani."

Thoa aliitazama miche yake. "Basi haiwezekani?"

"Inawezekana vizuri kabisa, dada. Ila si kwa bomba hili. Kando ya barabara kuu kuna bomba kubwa lenye presha ya juu. Tutachimba mtaro, mtambo upate njia yake, mita yake na kifaa chake cha kupunguza presha. Kabla ya kuuwasha mtatujulisha, ili tuongeze gesi bombani mapema. Nao mtambo upande nguvu polepole. Siku gesi ikipungua, tukisema punguzeni, mnapunguza."

"Na lini utakuwa tayari?" Khoan aliuliza.

"Baridi ya mwaka huu hamtaiwahi."

Khoan alishika kichwa. "Nitawaambia nini wenzangu?"

"Waambie mkeo amekataa," Thoa alisema. "Wananiogopa mimi kuliko wewe."

Jumapili, baada ya misa, Khoan aliwaeleza wanachama yote. Walimcheka kweli. "Mwenyekiti wa kuchomeka!" mmoja alipiga kelele. Lakini kila mmoja alifikiria hita zake, akanyoosha mkono kukubali. Mtaro ulichimbwa. Mafundi wa kampuni waliunganisha bomba jipya, wakalijaribu, wakaidhinisha.

Baridi iliyofuata, jioni moja upepo ulitulia kabisa. Redio ilitangaza kwamba umeme umepungua. Khoan aliijulisha kampuni ya gesi kwanza. Alipopewa ruhusa, aliuwasha mtambo. Ulianza kwa sauti ndogo, ukapanda taratibu, mpaka ukanguruma.

Thoa alikimbia kwenye nyumba ya vioo. Alipita hita moja baada ya nyingine, akiinama kutazama ndani ya kila moja. Simu yake ililia.

"Mama Vinh, vipi huko?"

Thoa alifumba macho.

"Mama Vinh! Zimezimika?"

"Acha kunipigia kelele, nasali."

"Yesu wangu! Kwa hiyo zimezimika?"

"Zinawaka zote, Khoan. Nashukuru. Sasa kata simu nimalize."